Nywele za Mjukuu Wetu

Gatitu,
Nyeri.
Tarehe 6 Oktoba 2024

Mpendwa Mama Jaspal, mkwe mwenzangu,

Nakusalimu sana, salamu za mikono miwili. Wewe na mzee mko aje huko Uingereza? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepoa? Na Jaspal, na binti yangu Watiri, na mjukuu wetu Arjan, wote ni wazima? Sisi huku Mungu ametuweka. Mimi ni goti tu linanisumbua nikipanda mlima kutoka shambani, lakini si ugonjwa wa kulalia.

Huku kulikuwa na baridi, ile ya ukungu mpaka saa nne. Sasa jua limetoka na watu wanalima wakingoja mvua. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mwezi wa sita nilipita Nanyuki, nikatafuta duka la baba yako mahali ulinionyesha, nikakuta ghorofa limesimama hapo. Nilikukumbuka.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, polepole, siku tatu sasa. Unajua mimi niliishia darasa la tano, lakini sikutaka kumpa mtu aniandikie, kwa sababu maneno yaliyo ndani sitaki mwingine ayasikie kabla yako. Nashukuru wewe ni mtoto wa Nanyuki na Kiswahili hukukisahau. Ningekuambia haya kwa lugha gani?

Ile dawa ya mashilingi, ya vidonda vya mviringo vya kichwani, uliyotuma na yule mama wa Othaya aliyekuwa anarudi nyumbani, imefika. Tyubu mbili, na kale kakaratasi umeandika ati asante kwa kumtunza mjukuu wetu kichwa, na hii nyingine ni ya watoto wa hapo jirani wasiambukizane. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta mahali pa kukaa.

Mama Jaspal, hakukuwa na mashilingi. Arjan hakuwa na kitu kichwani, hata kipele kimoja. Ni mimi nilimpeleka akanyolewa, kwa kupenda kwangu, halafu nikadanganya.

Na usiseme labda nilikuwa sijui. Nilijua. Watiri, walipokuja na Arjan likizo hii iliyopita, kabla ya kwenda Kerugoya kumwangalia dada yangu aliyepasuliwa, alinionyesha asubuhi na jioni vile nitachana na kile kichanuo kidogo cha mbao, vile nitakunja fundo hapo juu, na vile nitafunika na kitambaa. Akaniambia, "Maitu, usikate hata moja. Hata ncha." Nikamwambia aende salama, mimi nimelea watoto watano.

Siku za kwanza nilifanya vizuri. Arjan alikuwa anakaa kwa kigoda katikati ya magoti yangu, ananiimbia ule wimbo wa maombi unaomwimbia wewe ukimchana, ndiyo nisimvute sana. Maneno sikuyajua lakini sauti niliizoea, hata nikawa naiimba kwa pua nikikamua ng'ombe.

Ijumaa akaja Wacera, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na wenzake wawili. Tulikuwa tunapanga ibada ya Jumapili ya kumkumbuka mume wangu Ngatia, miaka miwili tangu atuache. Wewe unajua Arjan tulimpa na jina la Ngatia, mkakubali vizuri bila maneno. Na kwetu mtoto akipewa jina la mzee, siku mzee akienda ni kama amerudi kwa huyo mtoto.

Nilikuwa nimemwosha nywele na zilikuwa zimeachiliwa zikauke, zimefika kiunoni. Anacheza na ndama. Wacera akamwangalia, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Wakonyo! Kumbe Ngatia amerudi akiwa msichana? Na vile alikuwa mwanaume wa ndevu!" Halafu akaongeza, "Na Jumapili atasimama mbele na kitambaa kwa kichwa, na wanaume wote wametoa kofia? Watu watasema umeletea mzee Kalasinga kwa ibada yake."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilimcheka mjukuu wangu akiwa hapo, na kikombe mkononi.

Mzee wako alipokuja hapa mwaka ule, aliingia kanisa letu na kilemba chake, na huyu huyu Wacera akampa mkono na kumkaribisha kiti cha mbele. Mtu mzima walimwogopa. Mtoto ndiye walimpata wa kumcheka, na mimi ndiye nilipaswa kumsimamia.

Jumamosi nikampeleka kwa Kihara, kinyozi wa hapa Gatitu. Hata Kihara, ambaye hajui dini yoyote isipokuwa mpira, alizima mashine. "Cucu, hizi ni nywele za kidini. Mama yake anajua?" Nikamwambia, "Nyoa. Kwani mimi cucu yake, niliyemzaa mama yake, sitoshi?" Arjan akashika lile fundo na mikono miwili. Hakulia. Aliniambia tu, "Biji atalia." Biji ni wewe. Nikamwambia Biji hatalia, nywele humea. Halafu nikabandua vidole vyake kwa lile fundo, kimoja kimoja.

Jumapili asubuhi nilimkuta amechukua kile kitambaa chake anajaribu kujifunga mwenyewe. Hakikuwa na mahali pa kushika. Kinateleza mpaka machoni, anakipandisha, kinateleza tena. Nikamnyang'anya nikakiweka kwa mkoba, tukaenda kanisani. Wacera akampapasa kichwa mbele ya watu, "Sasa huyu ni Ngatia!" Watu wakapiga makofi. Nisikufiche kitu: nilifurahi.

Jumatatu Watiri akarudi. Ule uongo sikuupanga, ulitoka tu kinywani kama umekuwa ukingoja. Nikasema ni mashilingi, nikasema nimempeleka zahanati, nikasema nesi ndiye aliagiza anyolewe. Watiri aliketi kwa mlango bila kutoa viatu, akawa anapitisha mkono kwa kile kichwa, anatafuta kidonda. Arjan alikuwa hapo na alisikia yote. Akaniangalia. Halafu akamwambia mama yake, "Ilikuwa inawasha."

Mtoto wa miaka sita, Mama Jaspal. Nilimtoa nywele alizopewa na Mungu wenu, na yeye akanifunika mimi.

Siku ya harusi ya watoto wetu kwa hekalu lenu, mimi nilikuja na kitambaa kinachoteleza, na sijui nitaketi wapi, na nikiona aibu ya soksi zangu zilizotoboka kwa sababu viatu vimetolewa mlangoni. Ukaja ukatoa pini kwa nguo yako mwenyewe ukanifunga kitambaa vizuri. Hukunicheka. Tukakaa chini pamoja, tajiri na maskini, wote vichwa vimefunikwa, na nikajiona nimeheshimiwa kuliko siku nyingi za maisha yangu. Mimi pia niko na kitambaa cha kikundi chetu kanisani. Mtu akinivua hicho mbele ya watu, siwezi kutoka nyumbani mwezi mzima. Hayo yote niliyajua siku ile kwa kinyozi.

Na kama ningekuwa nimekosea peke yangu, labda ningenyamaza mpaka kaburini, kwa vile mimi ni mwoga. Lakini Jumanne hii iliyopita Watiri alinipigia simu kutoka huko kwenu. Hakuwa analia, na hiyo ndiyo ilinitisha. Anasema Jaspal haoni alama yoyote kichwani kwa mtoto. Jaspal anasema Watiri alikuwa analalamika kila asubuhi kuchana zile nywele kabla ya shule, kwa hivyo ni yeye alipanga na mimi, tukangoja wafike Kenya. Wanakula meza moja bila kusemezana. Yeye ananitetea, anaapa kwa maneno yangu. Mwishoni akaniomba, "Maitu, nenda kwa ile zahanati uniombee karatasi ya nesi, nimwonyeshe, aniamini."

Nikamwambia sawa. Na kweli nilivaa viatu nikaenda. Nilikaa kwa benchi mpaka nikaitwa. Nesi akaniuliza, "Unaumwa nini, mama?" Nikamwambia ni goti. Akanipa dawa za kumeza, nikarudi nyumbani nikatafuta daftari na kalamu.

Basi karatasi Watiri aliyoomba ni hii.

Watiri hana kosa. Hakuwepo, hakujua, na alinikataza kwa mdomo wake. Jaspal amwombe mke wake radhi, na mimi nitamwomba Jaspal. Mkiona Arjan asiletwe tena kwangu, sitalalamika. Mkiona aletwe lakini asiachwe na mimi peke yangu, pia ni haki.

Nakuomba kitu kimoja. Usiisome barua hii peke yako ukaiweka kabatini kwa kunihurumia. Najua unaweza, una roho hiyo. Waite wote mezani uisome kwa sauti, na pale Kiswahili kinawashinda uwaelezee kwa lugha yenu, usiruke mahali. Na Arjan awepo. Yeye hasa. Asikie mimi cucu yake nimesema kichwa chake hakikuwa kinawasha, na kwamba hana haja ya kunifunika tena.

Nisalimie mzee wako, umwambie namwonea haya. Nisalimie dada yako Manjit aliyenifundisha kukunja chapati kwa jiko la hekalu. Wachuka binti yangu mdogo anawasalimu, pia na shemeji yangu Mwai, ambaye hajui haya lakini nitamweleza leo jioni, halafu Jumapili ijayo nitamweleza Wacera mbele ya wale wale waliopiga makofi.

Mungu awalinde nyumba yote, awape kusikilizana mezani, na amrudishie Arjan nywele zake, ndefu kuliko za kwanza.

Wako akupendaye, na asiyeweza leo kukuangalia usoni,

Wakonyo, mama yake Watiri