Nimeling'arisha Birika la Mama Mkwe, Sasa Linavuja

Ndugu Mshauri, shikamoo. Nisaidie upesi, maana nina furaha tele na papo hapo nina hofu ya kunifanya niikimbie nyumba. Mimi ni mzaliwa wa Vidunda, nimeolewa mwaka huu na Thadeo katika kijiji cha ujamaa karibu na Chanzuru, na huku maji ya kisima ukichemsha yanaacha ukoko mweupe, mgumu kama chokaa, kitu ambacho kwetu mlimani hatukijui, kwa hiyo nilipoona birika la mama mkwe limejaa ukoko ndani nikasema moyoni, kumbe wanawake wa bondeni hawasugui vyombo! Basi nikakamua ndimu, nikachanganya na maji, nikachemsha humo humo birikani na kuliacha lilale, asubuhi ukoko ukabanduka vipande vipande, Ndugu Mshauri, nilipiga vigelegele peke yangu! Majirani wakaja kuchungulia, habari ikamfikia mwenyekiti, naye ameniteua niwafundishe akina mama wote wa kijiji Jumapili, mimi bibi harusi wa juzi! Lakini nilipotia maji ya chai yakamwagikia motoni, kumbe kitako kilikuwa na tundu na ukoko ndio ulioliziba. Birika hilo alilinunua marehemu baba mkwe alipokuwa akikata mkonge Rudewa, na mama hana kumbukumbu nyingine ya mumewe. Nimelificha chini ya kitanda, chai napikia sufuria, na kila asubuhi mama ananiuliza, "Mwanangu, birika langu bado linaoga?" Nami najibu, "Bado kidogo, mama." Je, nimtume Thadeo mjini Kilosa akatafute linalofanana nalo, nilipake masizi, nimrudishie kimya kimya?

Perpetua

*

Marahaba, Perpetua. Hongera! Nimecheka mpaka chai imenipalia. Ndimu yako ni dawa kweli, na asiye na ndimu atumie ukwaju.

Lakini, binti, hiyo dharau uliyoshuka nayo kutoka mlimani ndiyo iliyokuponza. Wanawake wa bondeni wanasugua vyombo kama nyinyi. Ukoko unaletwa na maji, hauletwi na uvivu. Ungemwuliza mwenye birika kwanza, angekwambia kwa nini kitako hakiguswi. Mtu aliyepika chai kwa chombo kimoja tangu ujana wake, unadhani hajui kinapovuja? Na hilo swali lake la kila asubuhi, usifikiri anauliza kwa kukosa la kusema. Mama huyo ameshajua, anakungoja useme mwenyewe, na wewe unamjibu "bado kidogo"! Aibu gani hiyo?

Habari ya kutafuta linalofanana ifute kabisa. Hilo jipya mumewe hakulishika.

Fanya hivi. Litoe uvunguni leo, umpelekee kwa mikono miwili, upige magoti, useme yote, hata yale uliyowawazia wanawake wa bondeni. Kisha mwende pamoja kwa fundi bati, mama alibebe mwenyewe njiani. Jumapili fundisha kwa furaha yako yote, ila waambie akina mama wenye vyombo vikuukuu wachunguze vitako kwanza. Na mbele ya kijiji kizima sema ni nani aliyekukabidhi birika lake bila kukugombeza.

Acha kusoma. Mama yuko uani, nenda.