Nilikwenda Kumtoa Furaha Kijijini

Queensbury, London

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, mimi binti yako Zawadi, pamoja na za mjukuu wako Neema. Magoti yanasemaje msimu huu wa mvua? Na presha? Huko Bukavu mnaamkaje? Habari tunazozisikia zinatukosesha raha, lakini nikiipata sauti yako kwenye simu, hata kama inakatikakatika, moyo unatulia. Sisi ni wazima. Kazi yangu ya kutunza wazee inaendelea, na mama mwenye nyumba wetu, yule Mhindi mzaliwa wa Kisumu, bado ananiita "binti" na kunigongea mlango akiwa na chapati za moto.

Simu haikuniruhusu kukueleza safari yetu ya Ufaransa vizuri, ndiyo maana nimekaa kuandika. Baraka mdogo wangu, najua wewe ndiye utakayemsomea Mama. Soma polepole, na usiruke mahali.

Mama, uliniagiza jambo moja: "Nenda ukamtoe mdogo wako katika lile pori la wazee." Tangu Furaha apewe hifadhi, akapelekwa pamoja na binti yake Grâce kuishi kijiji cha Vaubrelle, wewe hujawa na amani, na mimi vilevile. Basi nilipanga yote na binamu yetu Espérance wa Lyon. Chumba kilikuwepo, kazi ya usafi hotelini ilikuwepo, kanisa la Wakongo wenzetu lilikuwepo. Ilibaki kwenda kumchukua tu.

Tulipanda treni inayopita chini ya bahari. Neema alibandika uso dirishani akingoja samaki, akaona giza tupu, akanuna mpaka Paris. Tukashika treni nyingine ya kusini, kisha basi dogo lililopanda milima kwa kona kama zile za barabara yetu ya Ngomo. Nilifumba macho, nikaomba.

Kijiji kiko kwenye bonde jembamba. Mto uko chini, na nyumba za mawe zimepanda mlima, moja juu ya bega la nyingine. Milima yote imekatwa matuta, na kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe uliopangwa bila saruji. Niliposhuka nilidhani niko kwetu, kwenye vilima vya Walungu! Lakini matuta mengi yameachwa, msitu umeyameza. Duka la mkate lilifungwa zamani. Mkate huletwa na gari linalopiga honi uwanjani, na watu hutoka na vikapu. Shule ni chumba kimoja, na wanasema watoto wakipungua itafungwa. Kengele ya kanisa inapiga saa, halafu baada ya kitambo inairudia saa ileile, kwa ajili ya aliyekuwa mbali shambani akakosa kuisikia mara ya kwanza.

Jirani wa Furaha ni Bibi Odile, mjane anayeishi katika nyumba aliyozaliwa. Alitukaribisha jikoni kwake akimenya shatenye. Ni matunda ya msituni, ganda lake lina miiba kama nungunungu, na ndani kuna kokwa tamu. Alituambia kwamba zamani maskini wa huko walisaga kokwa hizo wakapata unga, ndio ukawa bugali wao. Walipanda pia miforosadi ili kulisha viwavi wa hariri, na wasichana wa kijiji walifanya kazi kwenye kiwanda kando ya mto, maji ya moto yakiwachubua vidole. Kisha vita vikachukua wanaume. Majina yao yamechongwa kwenye jiwe uwanjani, Mama, nayo ni mengi kuliko wanaume walio hai kijijini leo. Kiwanda kikafungwa, vijana wakateremka mijini.

"Na katika vita vilivyofuata," alisema, "walikuja kujificha watu waliokuwa wakiwindwa na askari. Mama yangu aliweka sahani ya ziada mezani. Sisi watoto hatukuuliza ni ya nani."

Nilisikiliza kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa nahesabu wazee. Kesho yake nilimfuata Furaha kwenye kibustani chake anapopanda mboga za lengalenga na maharagi.

"Furaha, hapa utazeeka na nani?"

"Yaya, dada yangu, umefika jana tu," alijibu, akiendelea kuchuma.

"Grâce ataolewa na nani, na mbuzi?"

Hapo alikasirika, nami nikakasirika, tukarushiana maneno ambayo sitayaandika kwa sababu Baraka atayasoma kwa sauti. Mwishoni akasema, "Sawa. Alhamisi tutakwenda Lyon, nikapaangalie." Niliona nimeshinda.

Alhamisi hiyo mvua ilifika kabla ya basi. Kule, mvua ya vuli hutoka bahari ya kusini, ikigonga milima inajimwaga yote. Hata mimi wa Bukavu ninayeijua mvua, niliogopa. Mto ukageuka rangi ya matope, ukabeba magogo, na daraja likafungwa. Tulikuwa tumesimama na mabegi yetu mlangoni wakati meya, ambaye ni mfuga mbuzi, alipokuja mbio, maji yakimchuruzika usoni.

"Furaha! Watu wa nyumba za chini wanatoka, lakini Armand amekataa. Wewe atakusikia."

Furaha hupita nyumba kwa nyumba kuwasaidia wazee kuoga na kupika, kazi kama yangu. Aliacha begi, akateremka. Nikamfuata nikiteleza.

Mzee Armand alikuwa ameketi jikoni, kofia ikiwa juu ya meza.

"Mto huu naujua," alisema. "Haujawahi kuingia kwangu."

Meya alitaka kumbeba. Furaha alimzuia kwa mkono, akavuta kiti, akaketi.

"Basi nami nakaa," akasema. "Ila Grâce atanisubiri chakula."

Mama, maji yalikuwa tayari yanalamba ngazi ya nje! Nilitaka kupiga kelele. Yule mzee alimtazama Furaha, akatazama mlango, akamtazama tena. Kisha akachukua kofia yake, akaivaa taratibu, akampa Furaha mkono kama mtu anayekwenda arusini.

Tulishinda shuleni kule juu, kijiji kizima. Furaha alipika sufuria kubwa ya maharagi, Bibi Odile akaleta shatenye zake, na meya akatumwa maji kama mtoto yeyote. Sasa sikia jambo la kukufurahisha. Unajua Neema wangu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, na Grâce humjibu mama yake Kifaransa. Wawili hao hawana lugha ya kuelewana ila Kiswahili! Siku ile walipewa kazi ya kugawa mablanketi, na nikasikia nyuma yangu:

"Leta blanketi!"

"Ngapi?"

"Mingi! Ule babu anasikia baridi!"

Nilicheka mpaka machozi. Mimi nimebembeleza miaka, kumbe dawa ilikuwa binamu.

Maji yalipopungua tulikuta tope limefika usawa wa kiti alichokalia Mzee Armand. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Tulisafisha nyumba zote za chini, mimi nikiwa na gambuti za mkopo na fagio.

Daraja lilipofunguliwa nilimwambia Furaha basi limerudi. Alikuwa anakausha mikono.

"Yaya, nilipofika hapa nilikuwa silali. Bibi Odile alikuja na supu, akaketi, hakuniuliza kitu. Akarudi kesho yake. Sasa nikipita njiani najua nani amefungua dirisha na nani bado, na nisipopita mimi, wao wananiulizia. Lyon nitaanza kuwa mgeni tena. Nimechoka kuwa mgeni."

Mimi dada mkubwa nilichukua simu. Nikampigia Espérance, nikamwambia chumba ampe mwingine.

Kwa hiyo, Mama, sikumtoa. Usinikasirikie. Mtoto wako ana majirani, na anacheka kwa ile sauti yake kubwa ya zamani iliyokuwa inakukera kanisani. Kama unamwombea atoke Vaubrelle, tafadhali acha. Omba familia nyingine zenye watoto zihamie pale, ile shule isifungwe.

Nisalimie Baba mdogo, umwambie dawa ya macho inakuja na mgeni. Nisalimie Shangazi Faida na vifaranga vyake, Mchungaji wetu, na Mama Cito jirani anayekuchotea maji. Baraka, asante kwa kusoma. Sasa mletee Mama chai.

Mungu awafunike nyote.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Zawadi