Mkate Ndani ya Tangi la Mama Rukia

Jumanne. Mvua imekatika saa kumi, na jua limerudi juu ya mabati ya Magomeni kwa ukali, kana kwamba limedhulumiwa zamu yake. Mimi nimerudi nyumbani mapema, nikiwa na hasira, na hadi ninapoandika haya haijanitoka.

Samaki wa nne amekufa leo.

Kwa asiyejua habari hii, naomba nieleze kwa utaratibu. Mimi ni mwandishi wa barua za watu. Nina meza, viti viwili na mwavuli katika mtaa mmoja wa Kariakoo, na kwa miaka mingi nimewaandikia wananchi maombi, malalamiko na rufaa. Kazi hiyo sikuisomea darasani. Nilijifunza kwa kusoma barua za wengine na kuyakataa makosa yao. Mke wangu, Mama Rukia, alipatwa na kiharusi mwaka jana. Upande wake wa kulia ulilala, na ulimi ukawa mzito. Chumba chetu kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Siku moja tulipompeleka kliniki, palikuwa na tangi la samaki katika ukumbi wa kusubiri. Mwanamke ambaye kwa miezi miwili hakuwa ametazama kitu chochote kwa nia alilitazama lile tangi mpaka jina lake likaitwa mara tatu.

Nikaamua kumjengea lake.

Nasema bila kujisifu kwamba nililitenda jambo hilo kama linavyostahili kutendwa. Nilinunua tangi la kioo la lita sitini, chujio dogo la umeme na majani ya majini. Kokoto niliziosha mpaka maji yakatoka safi. Maji ya bomba niliyaacha siku mbili katika ndoo zilizo wazi ili dawa iliyomo ipungue. Kisha nikasubiri wiki nne bila kuweka samaki hata mmoja, kwa sababu ndani ya chujio lazima kwanza wazaliane vijidudu wema wanaokula uchafu, la sivyo uchafu wa samaki hugeuka sumu yao wenyewe. Wapangaji wenzangu walicheka sana. Waliambizana koridoni kwamba Baba Rukia anafuga maji. Mmoja alikuja kuniuliza, kwa uso usio na hata chembe ya tabasamu, kama maji yangu yameshazaa.

Wiki ya tano nikaweka samaki kumi: sita wadogo wenye mikia mipana ya rangi rangi, wawili wekundu wenye mkia mfano wa panga, na wawili wa chini, wanaochakura kokoto mchana kutwa. Waliishi pamoja bila ugomvi, jambo ambalo nyumba yetu ya vyumba sita haijawahi kuliweza.

Aliyeniuzia alinipa onyo moja tu. "Mzee wangu, hawa hawafi njaa. Wanakufa shibe." Alinielekeza niwape chakula cha ncha za vidole viwili, mara moja kwa siku, basi.

Hapo ndipo wageni walipoanza kunitia wazimu.

Kwetu mtu haendi kumjulia hali mgonjwa bila kitu mkononi. Wanakuja na mkate, wanakuja na maandazi, wanakuja na skonsi. Mama Rukia hawezi kula mkate. Humkwama kooni, na chakula chake ni uji na vitu vilivyopondwa. Lakini kila jioni nikirudi nilikuta vipande vya mkate vimevimba juu ya maji mithili ya pamba. Haukupita muda, tangi likawa kama maji ya kuoshea mchele. Nikabadilisha theluthi ya maji. Nikabadilisha tena. Samaki wa kwanza alielea siku ya Ijumaa. Wa pili na wa tatu walifuatana.

Ni nani anayewalisha? Kila niliyemuuliza aliapa si yeye. Hata Rukia, binti yetu, ambaye humpa mama yake uji asubuhi kabla ya kwenda kazini, aliapa. Basi nikabandika tangazo ukutani, juu ya tangi, kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KWA MTU YEYOTE KUWAPA SAMAKI HAWA CHAKULA CHA AINA YOYOTE BILA IDHINI YA MAANDISHI. Nilisimama nikaisoma sentensi hiyo mara mbili. Nilipendezwa nayo.

Mkate haukukoma.

Juzi nilimkuta Mama Manka akitoka chumbani mwetu huku akikung'uta makombo kwenye kanga yake. Huyu ni jirani wa chumba kinachotazamana na chetu, mama wa Kichaga mwenye duka la vitenge Kariakoo, si mbali na meza yangu. Kila mchana hulifunga duka lake kwa muda, akaja kumwinua mke wangu kitandani na kumketisha kitini. Kwa wema huo sijawahi kumshukuru kwa maneno yaliyonyooka.

Sikumuuliza kitu. Nilimwandikia. Ukurasa mmoja na nusu, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, YAH: KUHUJUMIWA KWA SAMAKI, nakala kwa mjumbe wa shina. Leo asubuhi nikaisukuma chini ya mlango wake, nikaenda kazini nimeridhika.

Saa saba alikuja mezani kwangu, barua mkononi, matone ya mvua yakimchuruzika usoni. Nilikuwa na wateja wawili. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza.

"Baba Rukia, tunapokezana choo kimoja, tunaanika nguo kwenye kamba moja, halafu mimi unaniandikia barua? Na mjumbe umempa nakala?"

Nilimjibu kwamba hoja zangu zimeelezwa kikamilifu katika aya ya tatu.

Mchukuzi mmoja aliyejibanza chini ya mwavuli wangu, mkokoteni wake ukilowa, akasema, "Mzee, leo umepata msomaji." Watu wakacheka. Mama Manka hakucheka. Aliikunja ile barua mara nne, akaiweka mbele yangu.

"Anayetia mkate majini si mimi. Mkeo nimemwacha amekaa kitini sasa hivi. Nenda kamtazame. Na usiniandikie tena, sitaki karatasi yako."

Nikawaomba radhi wateja, nikafunga meza.

Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Mama Rukia alikuwa ameketi kando ya tangi, kipande cha mkate mapajani. Kwa mkono wake wa kushoto alikuwa akimega, akifinyanga kidonge kidogo, akikidondosha majini. Samaki walimkimbilia. Upande wa midomo yake unaoweza kucheka ulikuwa unacheka. Pembeni, kwenye kokoto, alikuwa amelala yule wa nne, tumbo juu, na Mama Rukia hajamwona.

Nikafoka. Nalitamka hapa bila kujitetea: nilimfokea mgonjwa. Nilimwambia kwamba ni yeye anayewaua. Nilimwambia habari za wiki nne za kusubiri na habari za ndoo nilizobeba. Nikamwonyesha tangazo kwa kidole, kana kwamba hajui kusoma.

Anajua kusoma. Amelisoma tangazo lile tangu nilipolibandika, asubuhi hadi jioni, kwa kuwa nililiweka mahali pasipokwepeka.

Aliniacha nimalize. Siku hizi maneno humtoka moja moja.

"Mimi nalishwa na kila mtu." Akapumzika. "Namlisha nani?"

 

Huyu ni mwanamke ambaye kila mwezi wa Ramadhani sahani zake zilifika vyumba vyote vya nyumba hii, na vya Wakristo vikiwemo. Tangu mwaka jana kila kijiko kinachoingia kinywani mwake kimeshikwa na mkono wa mwingine. Amepata mahali pamoja pa kutoa, nami juu ya mahali hapo nikabandika sheria.

Hasira yangu ilihama. Haikuisha.

Tangazo nimelibandua. Nimefyonza mabaki kwa mpira, nimetoa theluthi ya maji, nimejaza yaliyokaa ndooni. Kisha nikamwekea mapajani kopo la chakula cha samaki, nikamwonyesha kipimo. Alizitazama chembe zile vidoleni mwangu, halafu akanitazama mimi.

"Bahili," akasema. Neno hilo lilitoka bila kukwama.

Tumekubaliana kwamba kipimo kile kigawanywe, nusu asubuhi na nusu jioni, kwa mkono wake mwenyewe. Samaki sita waliobaki bado wanahema juu juu. Sina hakika kwamba wote watapona.

Limebaki la Mama Manka. Nakala ya mjumbe nimeifuata. Nilikuta ameikunja na kuzibia chupa ya mafuta ya taa, nikaichukua. Lakini kwa mwenyewe siwezi kutumia njia ninayoijua. Barua ikishatoka hufutwa kwa barua, hivyo ndivyo nimewaambia wateja wangu siku zote, naye amesema hataki karatasi yangu.

Mlango wake uko hatua sita kutoka hapa nilipoketi. Nasikia anakaanga vitunguu. Tangu alasiri nimeshatunga radhi tatu kichwani, zote zenye utangulizi, na zote zinaanza kwa kueleza kwa nini nilikuwa na haki ya kumshuku. Hiyo si radhi. Hiyo ni rufaa.

Aya hizi zote nimeziandika kwenye simu ili nisitembee hatua sita.

Sasa naweka simu chini. Nitabisha hodi, naye atafungua, mwiko mkononi, asubiri niseme. Nitaanza na neno gani?