Kaburi la Mchezo Mbele ya Nyumba ya Neema

Dada Rukia, shikamoo.

Huku Lushoto baridi inauma, lakini si baridi iliyonifanya nikuandikie. Rafiki yangu Neema, mwenye nyumba ya wageni ninayokaa, alitaka kupamba uwanja wa mbele kwa Halowini, ile sikukuu ya Wazungu ya kutishana, maana wageni wake wanaipenda. Tukachonga maboga yakawa na macho na meno, tukajaza majani kwenye magunia na kuyavisha makoti ya zamani. Mimi nikachimba kaburi la mchezo. Nikalala ndani kupima urefu.

Asubuhi, kwenye ukungu, wakaja wanawake sita majirani, kuni kichwani.

"Poleni na msiba," akasema bibi aliyetangulia. "Nani ametutoka?"

Neema akacheka, akamweleza. Bibi hakucheka. Akatua kuni zake.

"Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, mwanangu. Hili mlimpimia nani?"

Neema akanionyesha kwa kidole.

Wakakata mgomba wa kimo changu, wakauviringishia kanga yangu, wakauzika kwa jina langu. Wakanikataza kulitaja jina hilo mpaka nishuke milimani. Tangu hapo hata Neema ananiita "mgeni".

Wabusu watoto. Jumamosi nashuka Mombo kupanda basi la kuja huko. Nikibisha hodi, dada, kabla hujanifungulia niite jina langu, tuone kama nitaitika.

Mdogo wako