Ua Lililongoja Siku ya Tatu

Mutiso, mume wangu mdogo,

Huku Kalama tuko wazima, mbaazi zimetoa maua, na shangazi yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini ile kaktasi yetu haina jina, ilhali huko unakosomea kila mmea chotara una kibandiko. Babu yako, uliyerithi jina lake, ndiye aliyeizalisha tukifanya kazi kwenye kitalu cha maua Athi River. Kwa unyoya wa kuku alipaka chavua ya ua jekundu kwenye ua jeupe. Ikaota mbegu moja tu. Tuliingoja miaka minne, ndipo ikafungua ua lenye rangi ya nyama ya pera.

Akaniambia, "Nduku, lipe jina."

Nikamjibu, "Kwani mtoto hupewa jina siku ya kwanza? Desturi yetu ni siku ya tatu."

Kesho yake likanyauka. Akacheka, "Basi, mwaka ujao."

Mwaka uliofuata likafunguka jingine, yeye tumeshamzika. Peke yangu nilishindwa kulipa jina.

Jana niliona tumba. Likifunguka nitakupigia simu asubuhi hiyo hiyo. Usiogope kuniita kwa jina, niambie tu, "Nduku, lipe jina." Jina niko nalo miaka hii yote.

Nyanya yako