Faili la Tumaini Limepungua

Mama Tumaini mke wangu,

Baridi ya Makambako ni kali, ila mimi hainiwezi. Binti yetu nimemkuta hali chakula kwa mawazo. Anaandika programu za kompyuta kwa lugha ya mashine iitwayo Haskell. Anasema mashine ikitaka kuiharakisha programu hutunga vipande vyake yenyewe, kisha huvitangaza vyote kwenye faili linalosomwa na sehemu zingine za programu. Faili limevimba, na lisipopungua kazi yake inakataliwa.

Nikamwambia, "Mimi nikiuza viazi, mnunuzi simpi na jembe!"

"Baba, hivi si viazi."

Sikunyamaza. Mwisho akaiamuru mashine itangaze vile vipande tu vinavyohitajika nje. Faili likanywea, kazi ikapokelewa! Darasa la pili langu si mchezo.

Leo amekula ugali. Sirudi Mlangali mpaka anenepe. Usibebe kuni nzito, mama.

Mumeo