Hutoki Mpaka Umwonyeshe wa Nyuma Yako

Musyoka,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya kaunta ya saiba yangu, hapa penye kompyuta za kukodisha, pale ulipokuwa ukinisukuma kidogo na kiwiko upate soketi ya ukutani. Stima iko. Wateja ni wachache kwa sababu mwezi uko katikati na mishahara bado. Kwa hivyo niko na nafasi ya kukueleza mambo yalivyokwenda tangu tukulaze kule Mashuuru. Mengine yamenikasirisha, na sitayapunguza makali kwa sababu umekufa. Ulinijua hivi, ukanizoea hivi.

Nianze na mazishi yako, kwa maana wewe hukuyaona.

Watu walijaa mpaka majirani wakafungua boma la mbuzi ili magari yapate pa kusimama. Wenzako wa kiwanda cha saruji walikuja na lori. Naserian, yule wako wa duka la dawa za mifugo, alitoka Kajiado na wamama wa kikundi chake, wamevaa shanga zote, kama wanaenda harusini. Mama yako alinivuta kando, karibu na tangi la maji, akaniuliza, "Mama Shiku, niambie ukweli. Mtoto wangu alikuwa anauza nini kwako?"

Nikamwambia hukuwa unauza.

Akaangalia ule umati, akaniangalia mimi. "Hakuna mtu anajulikana na watu wote hawa na hauzi kitu."

Nikajaribu kumweleza, nimesimama kwenye matope na kitambaa changu kichwani. Kwamba kuna watu duniani wanatengeneza programu za kompyuta na kuziacha wazi, yeyote azitumie, aone zimeundwaje ndani, azirekebishe, amnakilie jirani. Kwamba kazi yako wewe ilikuwa kuzifikisha kwa watu wa huku na kuwaonyesha. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kama mhubiri," akasema. Nikamwambia ndiyo mama, lakini bila sadaka. Alicheka, Musyoka. Siku ya kukuzika wewe, mama yako alicheka.

Ni hapo wale wa Nairobi walipofika. Chama chenyewe cha programu huria, wale uliowaandikia ukiomba sidii chache za programu na mtu mmoja tu wa kuja kuongea, wakakujibu kwamba wao hushughulika na vikundi vilivyosajiliwa. Walikuja na tisheti mpya, rangi moja. Mwenyekiti wao akapewa maikrofoni, akasema wewe ulikuwa "mwakilishi wetu wa Kajiado". Wetu! Nilitaka kusimama. Naserian akanishika mkono akaninong'onezea, "Wacha, Mama Shiku. Hii ni siku yake." Nikaacha, lakini sijamaliza kuikasirikia.

Nakumbuka ulivyoingia hapa mara ya kwanza. Ulikuja kutuma barua pepe, na mashine zangu mbili zilikuwa zimelala, virusi vimezimaliza. Nilikuwa nimetoka mbali kufika hapo. Miaka ya tisini nilianza na taipureta moja chini ya mwavuli hapa Noonkopir, Kitengela, nikaja nikapata mashine ya fotokopi, nikaja nikapata kompyuta sita za mitumba. Na wakati huo uvumi ulikuwa umeenea kwamba saiba zote zitakaguliwa leseni za programu. Nilikuwa nimepiga hesabu: leseni za halali za mashine sita zingenigharimu kuliko mashine zenyewe. Nilikuwa silali. Wewe ukasimama na ovaroli yako yenye vumbi la saruji, ukasema, "Mama, hii shida naweza kukutolea na hutalipa kitu."

Nikakuambia, "Basi usiguse."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Hukubisha. Ulitoa sidii mfukoni, umeiandika kwa kalamu ya wino mzito, "Nakili umpe mwingine", ukaiweka kwenye kaunta ukaenda zako. Iliendelea kunitazama mpaka nikakuita. Jioni ile mashine iliyokuwa imekufa iliwaka na Linux, programu ya kuendesha kompyuta isiyolipiwa. Mimi ndiye nilikuuliza nani yuko nyuma ya haya yote na atakuja kudai lini. Ukaniambia, "Hakuna mtu atakuja kudai. Sisi ndio tutaenda kutafuta watu." Sikuelewa. Nilifikiri ni maneno ya vijana.

Halafu tukafanya lile kosa. Bado nalicheka nikiwa peke yangu na wateja wananitazama. Tulitaka kutangaza programu huria kwa mji mzima, na sisi tunajua njia moja tu ya kuita watu. Tukachapisha kadi. Kadi nzuri, yenye mgeni wa heshima, mahali, saa, na "tafadhali usikose". Nikakodi hema na viti. Hakuna aliyetuambia kwamba kadi ya namna hiyo mtu wa Kitengela akiiona anajua moja kwa moja ni harambee, anaombwa pesa. Watu niliowapa kadi kwa mkono walianza kuvuka barabara wakiniona. Jirani yangu wa bucha alifunga duka siku hiyo akaenda kwao. Viti vilikaa juani mchana kutwa, vyeupe, kama meno. Mgeni wa heshima mwenyewe alituma udhuru.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye alikuja. Alitembea polepole mpaka mbele, akakupa bahasha kwa mikono miwili. "Poleni sana. Huyu mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Mgonjwa ni kompyuta, mzee," ukamwambia.

Mimi nilikuwa nimekaa nikihesabu hasara ya hema. Mtu mwingine angeona aibu, angekunja vitu. Wewe ulimrudishia bahasha yake, ukamvutia kiti, ukamuuliza, "Na nyinyi kanisani, mko na kompyuta?" Akasema iko moja, waliletewa na wageni, ilizima, sasa imefunikwa na kitambaa cha meza na juu yake wameweka maua. Ukaniangalia. Niliona uso wako ukiwaka, na viti vyote vile vitupu nyuma yako. Siku hiyo ndiyo nilianza kukuheshimu kabisa kabisa, ingawa nilikuambia tu ubebe viti.

Hukuchapisha kadi tena. Ulianza kwenda mahali watu tayari wako. Baada ya ibada. Siku ya mnada wa ng'ombe. Kwenye duka la Naserian la dawa za mifugo, ulikoingia ukimsalimia "Supai" kwa Kimaasai chako chenye lafudhi ya Kikamba, naye akikujibu "Ipa" huku akizuia kicheko. Hukuwahi kuanza na jina la programu. Ulikuwa ukiuliza, "Ni nini inakusumbua hapa?" Naserian alikuwa anasumbuliwa na kukumbuka ng'ombe wa nani wamechanjwa na wa nani bado. Ukamwekea jedwali kwenye kompyuta, ukamwonyesha. Kisha ukasema maneno ambayo mimi, mfanyabiashara, nilidhani ni ujinga: "Sasa wamama wakiuliza, eleza wewe. Nikiongea mimi watasema huyu jamaa wa kiwandani ako na kitu anauza." Ukarudi nyuma ukasimama karibu na magunia ya chumvi ya ng'ombe. Naserian akaeleza kwa Kimaasai, na wiki iliyofuata kulikuwa na wamama mlangoni kwangu, wametoka Kajiado, wameuliza njia.

Na ile sheria yako. Ilianza kwa mzaha, Jumamosi moja hapa kwangu, watu walipokuja kujifunza. Karani wa kanisa alikuwa wa kwanza kujifunza kuweka programu mwenyewe, akachukua mkoba wake aende. Ukasimama mlangoni, mikono umeipanua. "Hutoki. Kuna mtu nyuma yako." Alidhani unacheza. Akakaa, akamwonyesha Naserian, akikosea, akirudia, jasho likimtoka, na wewe umekaa kimya kabisa hata pale nilipotaka kupiga kelele. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Ukisaidiwa, humshukuru Musyoka. Unamsaidia aliye nyuma yako kabla hujaondoka. Vijana waliifanya wimbo. Mtu akiinuka tu, wote: "Hutokiii!"

Jumamosi ndiyo siku yangu nzuri ya biashara, na nilikunung'unikia kila wiki, nawe ulinisikiliza kila wiki. Lakini sikukufungia mlango hata mara moja.

Sasa nikueleze kilichotaka kuharibika.

Baada ya mazishi, mwenyekiti wa Nairobi alikuja hapa na barua. Watatupa kompyuta mpya kumi na bango kubwa. Kwa masharti. Jumamosi iwe ya wanachama waliosajiliwa peke yao, na mafunzo yatolewe na mwalimu wao, mara moja kwa mwezi, mwenye cheti. Nikamuuliza kuhusu watu wetu kufundishana. Akatabasamu. "Mama, hiyo ilikuwa sawa mwanzo. Sasa tunataka ubora."

Musyoka, kumi. Mimi niko na sita, na moja inawaka ikipenda. Unajua nilivyo. Walipoondoka, vijana na Naserian waliniangalia mimi, kwa sababu nyumba ni yangu. Mmoja wa hao vijana wanaoniita mathe, mama yao, akasema, "Mathe, chukua tu. Musyoka hayuko, nani atasimama mlangoni?" Hakuwa na ubaya. Wote tulikuwa tumechoka na kulia. Nilijua nikisema ndiyo, hakuna atakayenilaumu, na kile ulichokijenga kitakwisha kwa heshima, kikiwa na bango juu yake.

Nikakaa nikapiga hesabu, kwa sababu ndiyo njia yangu ya kuomboleza. Mwalimu mmoja, viti kumi, mara moja kwa mwezi: mwaka ukiisha ni watu mia na ishirini, kama hakuna hata siku moja gari limekwama kwenye tope. Mia na ishirini, na kila mmoja ameenda kwake na nyuma yake hakuna mtu. Kisha nikajaribu kuhesabu watu wako wewe. Karani, Naserian, wamama wa Naserian, walioonyeshwa na wamama, mwalimu wa Isinya aliyeonyeshwa na mmoja wao, darasa lake. Nilifika mahali nikashindwa. Mimi, kushindwa na hesabu. Kuna watu wanatumia kitu ulicholeta ambao hawajawahi kusikia jina lako, na nikaona kumbe hivyo ndivyo ulivyotaka.

Nikampigia mwenyekiti simu. Nikamwambia mashine tunazitaka, bango alete, lakini mlango ni wa kila mtu, na huyo mwalimu wake siku ya kwanza atakaa, ataonyeshwa jambo na mmoja wetu, kisha amwonyeshe wa nyuma yake, kama sisi wote. Akasema atashauriana na kamati. Bado anashauriana. Nafikiri hatutaziona zile kumi, na nikuambie ukweli, inaniuma kila nikipita hapo ukutani ambapo zingekaa.

Jumamosi iliyofuata walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wamebeba mashine zao ndani ya blanketi na mabeseni. Lakini kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze. Naserian akasimama katikati, akanigeukia. "Mama Shiku. Wewe umeweka programu kwenye mashine ngapi kwa mkono wako?"

Nikasema mimi ndiye mwenye nyumba.

"Hiyo si jibu. Keti."

Nikaketi. Kugawanya diski ndipo nilipokwenda polepole, kwa maana ukikosea hapo vitu vya mtu vinapotea, na ilikuwa mashine ninayowekea hesabu za biashara. Naserian hakukigusa kipanya. Alikaa kimya vile vile ulivyokuwa ukikaa, nami nikamchukia vile vile. Ilipowaka, nikainuka kwenda kaunta, na nyumba nzima ikapasuka: "Mathe, hutokiii!"

Nyuma yangu kulikuwa na kinyozi kutoka Tuala, ameshika kompyuta mapajani kama mtoto mgonjwa. Nikarudi nikakaa kando yake. Alikosea mara nyingi. Sikusema kitu, nilijiuma ulimi, nikaelewa gharama uliyokuwa ukilipa ukiwa umenyamaza miaka yote ile. Ilipowaka aliruka, akanishika mikono yote miwili, akaanza kunishukuru.

Nikamwonyesha mama aliyekuwa nyuma yake.

Naserian sasa anafungua Jumamosi nyingine Kajiado, kwenye duka lake. Kinyozi anataka kujaribu Tuala. Mama yako nimemwahidi nitampelekea mmoja wa vijana amwonyeshe kwenye mashine ulikuwa ukipeleka nini kwa watu, na akishaona, naye nitamwambia kuna jirani nyuma yake.

Bado nimekukasirikia kwa kuondoka mapema hivyo. Hiyo haitaisha leo. Lakini Jumamosi nitafungua, iwe biashara ni nzuri au mbaya, iwe wale wa Nairobi wamekuja au hawajakuja.

Lala, ndugu yangu. Mlangoni nitasimama mimi.

Mama Shiku
Noonkopir